Toazi Juu ya Kabati

Samatya, Istanbul
14 Oktoba 1998

Mdogo wangu Ferit,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wa nyumbani kwako wote, na lile goti ulilonilalamikia kwenye simu siku ya Idi liwe limekuachia kidogo kabla baridi ya huko Duisburg haijaanza kuuma. Shemeji Nesrin hajambo? Mwambie zile soksi za sufu alizonitumia nazivaa karakanani kila siku, na Mahir wa duka la chai ananicheka, anasema nimekuwa bwana harusi wa miguuni tu. Mimi sijambo. Sikio la kushoto limefifia, lakini la kulia bado linafanya kazi ya mawili.

Utashangaa kupata barua yangu. Sisi tumekuwa ndugu wa simu ya Idi: hujambo, sijambo, huku mvua, huku jua, haya kaka, haya, msalimie huyu, msalimie yule, simu inakatika. Tangu tulipomzika Mama miaka kumi na miwili iliyopita sijakuandikia hata mstari mmoja, na hata wakati ule nilikuandikia habari za jiwe la kaburi tu. Hii nimeianza mara nne. Tatu za mwanzo zimeingia kwenye jiko.

Nianze na habari za hapa. Karakana yetu si ile uliyoiacha. Mwenye mali alihamisha kazi miaka sita iliyopita, akajenga jengo kubwa nje ya mji, lina mashine zinazogonga matoazi zenyewe, nyundo inapanda na kushuka bila mkono wa mtu. Vijana wanasimama kando wakitazama saa. Mimi nikaomba nibaki hapa, kwenye chumba kile kile cha zamani nyuma ya kanisa, niwe nagonga yale machache yanayoagizwa na watu wanaotaka kazi ya mkono. Wakaniachia fuawe moja, mashine ya kukereza, na funguo. Tanuri limezimwa, shaba inaletwa kwa gari ikiwa imekwisha kuchomwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja mle ndani, unakumbuka tulivyokuwa tukipigiana kelele kuombana chumvi wakati wa chakula? Sasa nikiweka nyundo chini nasikia bomba la maji la jirani.

Usta Nubar, fundi mkuu wetu, amefariki, hilo nilikuambia. Mke wangu Mualla naye, Mungu amrehemu, mwezi ujao anatimiza miaka miwili kaburini. Tangu aondoke nimejifunza kuacha redio ya jikoni ikiwaka ninapotoka asubuhi, ili nikirudi pawe na mtu anasema kitu, hata kama ni bei ya vitunguu. Jioni nakula kwa Mahir, supu ya dengu na mkate. Juzi juzi aliniambia mbele ya watu kwamba mtu anayegonga shaba mchana kutwa, na nyumbani hana wa kugombana naye, mwisho ataanza kugombana na nyundo. Watu wakacheka, nami nikacheka. Sikumwambia kwamba nimekwisha kuanza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, au niseme kwenye mlango wa jambo lenyewe. Binti yako yuko kwangu.

Usikasirike. Najua alikuambia anakwenda Antalya na wenzake wa chuo. Ameniruhusu nikuambie, maana anasema uongo umemchosha kuubeba kuliko begi lake. Alifika Jumatatu ya wiki iliyopita. Nilikuwa nimeinamia fuawe, nikahisi kivuli mlangoni, nikafikiri ni mteja. Nikainua macho, nikaona paji la uso la Mama limesimama pale, limevaa koti la ngozi. Akaniuliza kwa Kituruki chake kile chenye mifupa ya Kijerumani kama mimi ndiye Fundi Sabri. Nikamjibu ndiye. Akasema, basi mimi ni Belgin wa Ferit, baba mkubwa, na nina njaa.

Nikaweka nyundo chini. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka tisa, kwenye mazishi, ameshika kitambaa cha mkono cha Nesrin. Nikampeleka kwa Mahir. Alikula sahani mbili za dagaa wa kukaanga na kachumbari ya kabichi, na Mahir, ambaye hampi mtu chochote bila maneno, akamwambia kwamba sasa ndiyo anaamini Sabri ana ukoo, maana siku zote alidhani alikerezwa kwenye mashine kama matoazi yake. Belgin akamjibu kwamba ukoo upo, ila umekerezwa mno hadi ukawa mwembamba. Mahir alipiga meza kwa kiganja. Anamuulizia kila nikipita bila yeye.

Alikuwa na vijiti vya ngoma kwenye begi lake. Niliviona alipotoa kitambaa cha kufutia pua. Akajua kwamba nimeviona.

Ferit, unajua kwamba anapiga ngoma, na mmegombana kwa ajili hiyo. Sitaki kuingia kati ya mtu na mwanawe. Lakini lazima nikuandikie alichoniambia, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikose usingizi na mwishowe nishike kalamu. Alisema hukumkataza kwa hasira. Alisema laiti ungemfokea angejua la kufanya, maana makelele yako ameyazoea. Ila ulikaa kwenye kiti chako cha jikoni, ukaitazama mikono yako, ukamwambia kwamba mkono wa ukoo wetu ni mzito. Kwamba wewe uliwahi kusimamishwa katikati ya wimbo mbele ya watu, ukaambiwa hivyo hivyo na mtu aliyejua kazi yake, na hutaki mwanao naye asimame pale aoneshwe mlango. Zaidi ya hapo hukusema.

Kisha akaniuliza mimi. Ndiyo maana alikuja, si kwa ajili ya matoazi tu. Alikuja kumuuliza mtu aliyekuwepo. Alisema hivi: "Baba mkubwa, wewe ulimsikia akipiga. Kweli mkono wake ulikuwa mzito?"

Nilimwambia chai inapoa. Ndilo jibu nililompa binti yako, baada ya safari yote ile. Akanitazama kidogo, akanywa chai yake, hakuuliza tena siku hiyo. Ana adabu nyingi kuliko nilivyostahili.

Kesho yake tukaingia karakanani pamoja. Anataka kuingia chuo cha muziki cha Cologne, na kwenye mtihani kila mpigaji anakuja na matoazi yake. Yale madogo anayo. Anachokosa ni toazi la mwendo, lile kubwa la mkono wa kulia ambalo bendi nzima huliegemea. Nikamwambia achague rafuni, chochote anachokitaka ni chake. Nilitegemea atafanya kama wateja wengi, wanagonga mara mbili, wanasema zuri, wanauliza kama lina mfuko.

Hakufanya hivyo. Alilitundika toazi la kwanza kwenye kisimamo, akapiga polepole kwa muda mrefu, kijiti kikitua mahali pale pale, kisha akasogea kuelekea ukingoni, kisha akapanda kwenye kikombe cha katikati, kisha akaongeza nguvu kidogo kidogo, ameinamisha shingo. Akasema hili linang'aa mno, kila pigo ni kama mtu anawasha taa usoni. La pili akasema kavu sana, linaongea lakini halina pumzi. La tatu zuri, ila akiharakisha linamwacha nyuma. La nne alilipenda kwa dakika kumi, kisha akaligonga kwa nguvu, likafumuka likanguruma chumba kizima, na mapigo yake yakazama ndani ya ngurumo kama vijiko kwenye beseni la maji ya sabuni. Akalishika kwa mkono kulinyamazisha. Akaniambia kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari: "Hili litamuumbua mtu, baba mkubwa. Hapa chumbani linajifanya zuri. Weka tarumbeta mbili kando yake uone."

Ilinibidi nitoke nje kidogo. Nilimwambia nakwenda kununua mkate. Nilikwenda hadi kwenye kituo cha treni, nikakaa kwenye benchi, treni mbili zikapita. Nilirudi bila mkate.

Kwa sababu mwanao, Ferit, mwenye miaka ishirini na moja, alilisikia kwa dakika kumi jambo ambalo mimi nililijua zamani nikafunga mdomo.

Jioni ile nilipanda kwenye kiti nikashusha kitu kilichokuwa juu ya kabati la chumbani. Kimekaa pale tangu kabla sijaoa, kimefungwa kwenye blanketi la jeshi. Mualla alikuwa akilifuta vumbi kila alipofanya usafi wa Idi. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliniuliza ni nini, nikamwambia toazi lenye kasoro. Akauliza mbona basi haliyeyushwi na mengine. Nikamwambia nitaliyeyusha. Miaka mingi baadaye, tulipokuwa tumekwisha kuzoea kukosa watoto na kuzoea mengine yote, aliniuliza tena, nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alilirudisha juu mwenyewe, akaniambia mwandikie mdogo wako. Kila mwaka alinikumbusha mara moja, siku ya kulifuta vumbi. Hata hospitali alinikumbusha. Nikamwahidi, naye akageuza uso dirishani, maana alinijua.

Nikalibeba hadi karakanani, na Belgin akalifungua lile blanketi. Shaba imeiva, imekuwa na rangi ya chai iliyokaa, na alama za nyundo zinaonekana zote, hazikufutwa. Alilitundika. Pigo la kwanza lilikuwa la kuliamkia tu. Nataka nikueleze sauti ile, na nitashindwa, lakini wewe utanielewa kuliko mtu yeyote. Kwanza unasikia kijiti, mbao yenyewe, safi, kama mtu anavunja tawi kavu mbele ya sikio lako. Halafu chini yake unakuja mvumo, mzito, wa giza, haupandi juu ya kijiti wala haukimbii mbele. Unakaa pale chini kama zulia, na kila pigo linatua juu yake na kuonekana. Akaongeza nguvu. Ukabaki pale pale. Akaongeza tena, mabega yake sasa yanafanya kazi, na kila pigo bado lilisimama peke yake, unaweza kuyahesabu. Akapanda kwenye kikombe, likatoa kengele ndogo, tulivu, isiyo na kiburi. Alipiga nafikiri nusu saa. Mimi nilikaa kwenye gunia la mkaa wa zamani. Jirani aligonga ukuta, kisha akaacha kugonga, na baadaye nikamwona amesimama mlangoni na watoto wake wawili.

Alipomaliza jasho lilikuwa linamtoka. Akauliza ni la nani. Nikasema la baba yako. Akauliza kwa nini basi hana. Nikasema hilo nitamwandikia mwenyewe kwanza, na yeye akitaka atakuambia.

Kwa hiyo nakuandikia, na sasa sina mkate wa kwenda kununua.

Unakumbuka Aprili ya 1973, Bwana Ekstrom yule Mswidi aliposhuka kwenye hoteli kule juu Taksim na bendi yake, akatangaza kwamba anatafuta mpigaji wa kuzunguka naye Ulaya, miji ishirini na minane. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Ulikuja karakanani ukikimbia, ukaniambia, kaka, nifanyie toazi la mwendo, nitakwenda nalo, nikipita nitaandika jina lako juu ya ngoma. Usta Nubar akakubali nitumie shaba ya karakana na saa zangu za mapumziko. Niligonga mawili, ili nichague. Siku kumi na saba niliyagonga. Sijawahi kabla yake wala baada yake kugonga hivyo.

La kwanza ndilo hilo nililokueleza. Lilipotoka kwenye mashine ya kukereza Usta alilipiga kwa rula yake ya mbao, akasubiri, akalipiga tena, akavua miwani. Aliniambia kwamba ameshika matoazi tangu enzi ya baba yake na ya namna hii huja moja moja, na wala sijui nimefanyaje, nisijisumbue kutafuta, ila nimpe mdogo wangu kabla hajatokea mtu wa kulitaka. La pili nililikereza ukingoni mara moja zaidi ya ilivyotakiwa. Lilikuwa zuri ukiligonga kwa upole. Ukiliongezea nguvu lilifumuka, likawa ngurumo tupu. Usta akaliwekea msalaba wa chaki, maana yake lirudi tanurini.

Wewe ulikuwa umekwenda kumpeleka Mama kwa Shangazi kule Bursa. Siku mbili zile nilikuwa peke yangu nyumbani na lile toazi. Nililipiga asubuhi, nililipiga nikirudi kazini. Nikawaza kwamba hiki ndicho kitu kizuri pekee nitakachowahi kukifanya, na kitaondoka Istanbul kwenye mfuko wa mtu mwingine, na mtu huyo atashangiliwa katika miji ishirini na minane, na mimi nitabaki hapa nikigonga ya kufanana nalo nisiyapate. Na nikawaza pia nyumba itakavyokuwa bila wewe. Baba amekufa, Mama anasinzia mapema, kiti chako kitupu. Ulikuwa unanisimulia mambo ya siku nzima huku unakula, mdomo umejaa, unapiga meza kwa uma. Nilikuwa nakuambia nyamaza ule. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mtu mwingine anayenisimulia kitu.

Miaka mingi nilijidanganya kwamba nilifanya kwa ajili ya Mama, asiachwe. Si kweli. Mama alikwisha kukubali. Ndiye aliyekushonea mfuko wa kubebea toazi, kutoka kwenye lile pazia la kijani. Mama alikuwa radhi uende. Asiyekuwa radhi ni mimi.

Siku moja kabla ya kurudi kwenu nilikwenda karakanani, nikachukua lile la pili, nikafuta msalaba wa chaki kwa kiganja changu. Nikaweka la pili kwenye ule mfuko wa kijani. La kwanza nikalifunga kwenye blanketi.

Ulilijaribu mle chumbani, kimya kimya, maana Usta alikuwa anaumwa kichwa. Ukaniangalia ukacheka, ukasema, kaka, umenimaliza. Uliniamini. Ulikuwa ukisema kila siku kwamba wewe ni mkono na mimi ni sikio.

Nilikuja hotelini. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni. Mlianza polepole, piano na besi na wewe, na ilikuwa nzuri, Ferit, yule Mswidi alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, nilimwona. Kisha tarumbeta zikaingia. Ukaongeza nguvu kama mpigaji yeyote angeongeza. Nililisikia toazi likifunguka. Nilijua lini litafunguka, nilikuwa nahesabu. Likafunika piano, likafunika tarumbeta, ukajaribu kupunguza, mwendo ukayumba, ukaongeza tena. Bwana Ekstrom akainua mkono. Akasema maneno, na mkalimani akayasema kwa sauti ukumbini, hakuwa na haja ya kuyasema kwa sauti: kijana ana moyo, lakini mkono wake ni mzito.

Ulinitafuta kwa macho. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Kwenye treni ya kurudi, baada ya vituo viwili, uliniuliza. Sitaki ufikiri kwamba nimesahau. Uliniuliza, "Kaka, ni toazi au ni mimi?" Nikakujibu kwamba toazi halina kosa.

Hukuniuliza tena. Wiki ile uliuza ngoma zako zote. Nilifikiri utakaa, utakuja karakanani, tutagonga pamoja, ndivyo nilivyokuwa nimepanga, mjinga mimi. Ulikwenda ukajiandikisha kwenda Ujerumani kiwandani, na Septemba ukaondoka. Nilikusindikiza hadi stesheni ya Sirkeci. Ulinibusu mkono kama inavyopasa kumbusu kaka mkubwa, na nikaukubali ule mkono kubusiwa. Nyumba ikawa vile vile nilivyoiogopa, ila sasa nilikuwa nimeijenga mwenyewe.

Na toazi sikuwahi kulipiga tena. Unaweza kudhani nililificha ili nilifaidi. Kila nilipogusa blanketi lile nilimsikia mkalimani. Halikunifaa mimi, na wewe nikakunyima. Matoazi mengine nimegonga maelfu, yameenda Amerika na Japani, watu wanasema mazuri. Pengine ni kweli.

Sasa nakujibu swali lako la kwenye treni. Lilikuwa toazi. Mkono wako haukuwa mzito hata siku moja. Nilikuwa nauona kila jioni ukipiga uma mezani, ulikuwa mwepesi kuliko mikono yote niliyoiona ikipita karakanani, na wapigaji wakubwa nimewaona wengi. Binti yako ameurithi huo huo. Nilipomtazama akipiga ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na mitano kukuona wewe.

Siombi unisamehe kwa barua. Ni jambo kubwa mno kuombwa kwa karatasi, na wewe una haki ya kulikataa usoni pangu. Wala sitakupigia simu. Ukinyamaza nitajua umesoma. Ninachokuomba ni kwa ajili ya Belgin. Usimwambie tena kuhusu mkono wa ukoo. Mweleze kilichotokea, kwa maneno yako, hata ukiniita jina lolote ninalostahili. Ni bora anichukie mimi kuliko aogope mikono yake mwenyewe.

Anaondoka kesho asubuhi kwa ndege, na toazi linakwenda naye. Nimelishonea mfuko, vibaya, sindano si kazi yangu. Barua hii ataibeba yeye. Nimeigundisha bahasha kwa gundi, naye ameona nikigundisha, akasema hana haja ya kusoma ya wakubwa, anataka tu niahidi kwamba imeandikwa. Mahir amemfungia mkate wa ufuta wa kutosha kulisha kiwanda chako kizima, mtagawana.

Mtihani wake ni Jumamosi ya tarehe saba Novemba, saa kumi mchana, na wazazi wanaruhusiwa kuingia. Hakuniomba nikuambie. Aliniambia tu tarehe, kisha akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Ukienda, usikae mbele. Mbele utasikia ngoma tu na viti vya watu. Kaa nyuma kabisa, ukutani, huko ndiko toazi la mwendo hufika likiwa zima.

Msalimie sana Nesrin, na umwambie binti yake alikula vizuri na alilala vizuri, chumba cha Mama nilikipasha moto kwa ajili yake. Wasalimie Waturuki wenzako wa mtaa mnaocheza nao karata. Majirani wa zamani waliobaki, ni watatu tu, wanakuulizia na wanakuombea afya. Nakubusu macho yote mawili, mdogo wangu, kwa idhini yako, na kama huitoi basi nimeandika tu.

Aliyekukosea,
kaka yako Sabri